Kabla hujaagiza kontrola mpya ya breki za tela

Matela mengi madogo hapa Dodoma hayana breki zake yenyewe. Gari linalovuta ndilo linalosimamisha vyote viwili, na tumeshazoea. Ndiyo maana tela la breki za umeme likiingia gereji watu wanakusanyika kulitazama, halafu mmoja anatoa hukumu: kontrola, yaani kile kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme kwenye breki za tela, imekufa. Anaitaja kontrola kwa kuwa ndicho kifaa pekee hapo ambacho hajawahi kukifungua. Mwenye gari naye anaanza kupiga simu Dar kutafuta nyingine.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na kontrola huwa naishuku mwisho kabisa.

Juzijuzi lilikuja tela la ekseli mbili lililoletwa kutoka Australia, limebeba jenereta na mabomba ya kisima, likivutwa na Land Cruiser ya pikapu ya volti 12. Mwenyewe anachimba visima huko Chamwino na Mpwapwa. Alikuwa anatoka Iringa, anashuka Nyang'oro kuja Mtera, akakanyaga breki, tela likawa linamsukuma. Aliyewahi kushuka pale na mzigo anajua jasho lake.

"Fundi, si ndiyo hiki kidude?" akaninyooshea kontrola chini ya dashibodi.

"Inawezekana, mzee. Tupime kwanza."

Kontrola ya kawaida ina nyaya nne. Mweusi unatoka kwenye chanya ya betri, mweupe ni erthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), mwekundu unatoka kwenye swichi ya taa za breki, na wa bluu ndio unaopeleka umeme kwenye sumaku za magurudumu ya tela. Sumaku ikipata umeme inang'ang'ania dramu inayozunguka, inaburutwa nayo, na hapo inasukuma mkono unaotanua breki shu. Hakuna mafuta ya breki wala pampu. Nguvu ya breki inategemea ampea zinazofika kwenye sumaku, basi.

Sasa, mafundi waliotangulia walichomoa plagi ya tela, wakaweka mita kwenye bluu, wakasukuma hadi mwisho swichi ya mkono ya kontrola, ile inayowasha breki za tela bila kukanyaga pedali. Mita ikasoma 12 na ushee. Wakasema nyaya ni nzima. Hapo ndipo wengi wanapotea. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha 12. Sumaku moja ya saizi ile ina kama ohm 3 na inavuta ampea 3 hadi 4. Zipo nne. Waya unaopitisha kipimo cha mita bila shida unaweza kushindwa kabisa ukidaiwa ampea 12 au 15 kwa mpigo.

Nikarudisha plagi, kijana wangu akashikilia swichi ya mkono hadi mwisho, mimi nikaingia chini ya tela kupima kwenye sumaku yenyewe. Volti 7 na kitu. (Nasema hadi mwisho kwa sababu ikiwa katikati kontrola inakatakata umeme kwa kasi, na mita za bei rahisi husoma ovyo.) Masikio nayo husaidia: breki za umeme zikipewa umeme nusu hutoa mvumo kama wa mzinga wa nyuki, na zile za kwake zilikuwa zinavuma kwa uchovu.

Volti nyingine zimekwenda wapi? Nikaweka ncha moja ya mita kwenye fremu ya tela, nyingine kwenye hasi ya betri ya gari, swichi bado imeshikiliwa. Karibu volti 5. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri. Umeme ulikuwa unaliwa njiani ukirudi.

"Mzee, usiku ukikanyaga breki, taa za tela hazififii?"

"Zinafifia. Nilidhani ni balbu za kichina."

Nikafungua plagi. Waya mweupe ulikuwa umekatika ndani, umeshikiliwa na ganda lake tu. Umeme ulikuwa unarudi garini kupitia chuma cha kuvutia, katikati ya grisi, rangi na vumbi letu hili. Sumaku nne kwa pamoja ni kama ohm 0.8, kwa hiyo kizuizi cha nusu ohm tu kinatosha kula zaidi ya theluthi ya volti. Na kontrola ilikuwa inaandika "c" kwenye kioo chake muda wote, yaani tela limeunganishwa, maana inaziona sumaku zipo. Haikudanganya. Haikuulizwa kuhusu erthi.

Nilibadilisha plagi, nikapitisha waya wa erthi mnene zaidi hadi kwenye fremu, nikakwangua rangi pale unapofungwa. Nikakagua pia waya unaopita kwenye ekseli, kwa sababu huko husuguana na chuma hadi ukachubuka, na swichi ya dharura inayofunga breki tela likichomoka. Vyote vizima.

Angalizo la rangi: msifunge kwa kufuata rangi peke yake. Kwenye tela la Australia bluu ni breki, lakini kwenye plagi ya mtindo wa Ulaya ya pini 7 bluu ni taa ya nyuma ya ukungu. Fuata waya hadi unakoishia.

Tukaenda barabara ya Singida, kule Nala, kurekebisha nguvu: mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unasukuma swichi ya mkono, unaongeza taratibu mpaka tela lishike vizuri bila matairi kuburuta. Ufanye hivyo tela likiwa na mzigo wake, maana tupu litaburuta mapema.

Njiani kurudi akaniuliza kama anaweza kulifunga kwenye Fuso yake. Nikamwambia kwa nyaya hizi hapana: Fuso ni volti 24, sumaku zile ni za 12, zitaungua. Labda afunge kipunguza umeme kinachohimili ampea zote hizo. Amesema atafikiria.