Shangazi na kitambaa cha leso

Shuleni tulifundishwa kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, yaani KKS, namba kubwa kuliko zote inayozigawa namba mbili bila baki, kwa njia mbili: kuorodhesha vigawo vyote vya kila namba, au kuigawanya namba mpaka zibaki namba tasa tupu, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Njia ya tatu alinionyesha shangazi yangu, fundi cherehani wa Kihesa, Iringa. Ilikuwa likizo ya Juni, na baridi ile mnaijua.

Alikuwa na kitambaa cheupe cha sentimita 168 kwa 105. Alitaka kukikata leso za mraba, zote sawa, kubwa kadiri inavyowezekana, na kisibaki hata kipande. Ukingo angeufuma kwa uzi, hivyo hakuhitaji nafasi ya pindo.

"Ngoja nikupigie hesabu, shangazi." Nikafungua daftari, nikaanza na vigawo vya 168, navyo viko 16.

"Tazama huku, mwanangu."

Akashika kona ya kitambaa, akaikunja mpaka upande mfupi ukalala juu ya upande mrefu, akatia chaki. Hapo ukapatikana mraba wa 105, kikabaki kipande cha 63 kwa 105. Akakunja kipande hicho vilevile: mraba wa 63, baki 42 kwa 63. Tena: mraba wa 42, baki 21 kwa 42. Hicho cha mwisho kikatoa miraba miwili kamili.

"Pima huu mdogo."

Sentimita 21. Nikahakikisha kwa namba tasa: 168 ni 2×2×2×3×7, na 105 ni 3×5×7. Vya shirika ni 3 na 7, yaani 21. Zikatoka leso 40, nane kwa tano.

Nikamuuliza amejuaje. "Mraba unaoenea pande zote mbili lazima uenee na kwenye kilichobaki. Sasa nihangaike na nguo nzima ya nini?"

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, hata chuoni, nilikosoma kwamba Euclid aliiandika njia hiyohiyo yapata mwaka 300 KK.

Wanafunzi wangu nawapa 1,001 na 1,183. Kuzitafutia namba tasa kunachosha, maana hazigawanyiki kwa 2, 3 wala 5. Lakini 1,183 toa 1,001 ni 182. 182 inaingia katika 1,001 mara tano, inabaki 91. Na 91 inaingia katika 182 mara mbili kamili. KKS ni 91. Ambaye bado haoni, namkatia karatasi ya sentimita 16 kwa 10, akunje mwenyewe.