Gia ya Pili

Kwa miezi minne Kombi yetu ilikwaruza kila niliporudisha gia kutoka tatu hadi mbili, hasa asubuhi, Nakuru ikiwa na baridi. Nilijizoesha kukanyaga klachi mara mbili, napiga resi kidogo katikati, nikaona nimepata dawa. Gari hili la 1974 ndilo chumba chetu cha kulala tukienda Baringo au Kisumu. Kitanda na kabati la jiko marehemu baba alivichonga mwenyewe. Kulisikia likilia hivyo kuliniuma.

Jumanne nililipeleka kwa mzee aliyekuwa akilitengeneza tangu enzi za baba. Akaanza na oili ya giaboksi. Pulagi ya kumwagia ina tundu la pembe sita, milimita 17, na ufunguo wake hatukuwa nao. Akachukua boliti yenye kichwa cha 17, akaifunga nati mbili mpaka zikabanana, akatia kichwa tunduni, akazungusha nati kwa spana.

"Lakini kwanza legeza ya kujazia. Ukishamwaga halafu ya juu ikatae, hutoki hapa."

Oili ikashuka ikimetameta. Akaichovya kidole, akaniinulia juani. "Hii ni shaba ya njano, kijana wangu. Uliweka oili gani?"

GL-5, daraja la oili ya gia. Niliinunua mwenyewe nikiamini tano ni bora kuliko GL-4, kwa kulitakia gari mema. Kumbe ndani mna ringi za shaba ya njano zinazosugua koni ya gia mpaka mwendo ulingane, ndipo meno yashikane. Dawa ya salfa iliyomo kwenye GL-5 huweza kuila shaba hiyo, na utelezi wake huinyima ringi mshiko.

Injini ikateremshwa, kisha giaboksi. Mzee akapitisha fila geji, kibati chembamba cha kupimia mwanya, kati ya ringi na gia ya pili: milimita 0.4. Haitakiwi kupungua 0.6. Nikaishika ile ringi muda mrefu. Mikwaruzo yake midogo ya ndani ilikuwa imelainika kama shilingi ya zamani.

Shafti ikaenda kwenye presi, ringi mpya ikaingia, na safari hii GL-4.

Jioni hii tumepanda kuelekea Menengai, mzee akiwa kushoto kwangu. Kwenye kona nikakanyaga mara mbili kwa mazoea.

"Mara moja tu," akasema.

Kona iliyofuata nikakanyaga mara moja. Ya pili ikaingia kimya.