Side, mji wa nguzo na mnada

Novemba ikifika, Konya, mji wa bara nchini Uturuki, kuna baridi ya kuuma masikio, nasi wanafunzi tunaoishi kwa posho ya ufadhili tunahesabu kila lira. Nilitamani bahari. Mtu aliyekulia Bagamoyo akikaa bara muda mrefu huanza kuiota pwani, hata kama pwani yenyewe ni ya watu wengine. Basi liendalo Antalya hupanda milima ya Taurus, hupita Akseki, kisha huteremka mpaka Manavgat. Pale unashuka na kupanda dolmuş, daladala yao, na baada ya kilomita chache umefika Side.

Kwa mwenye mfuko mwepesi, huu ndio wakati wa kwenda. Watalii wa kiangazi wameshaondoka, pansiyoni, nyumba ndogo za wageni za mji mkongwe, zinashusha bei, na maji ya bahari bado hayajapoa. Vitanda vya ufukweni ni vya kukodi, lakini katiba ya Uturuki inaziweka pwani chini ya mamlaka ya dola na kutanguliza manufaa ya umma, kwa hiyo nilitandika kanga yangu mchangani wala hakuna aliyenisemesha. Nilikula mkate, zeituni, jibini nyeupe na nyanya za dukani. Anasa yangu ilikuwa maji ya komamanga, kwa kuwa ndio msimu wake. Watu wa Side ya kale waligonga tunda hilohilo kwenye sarafu zao, likawa ndiyo alama ya mji.

Magofu huna haja ya kuyatafuta. Mji wa leo umejengwa juu ya ule wa kale, kwenye rasi nyembamba, na hata ukienda kununua mkate unapita kando ya nguzo zilizolala. Kuna mahali wameweka vioo ardhini ili uone kuta za chini unapotembea. Mwishoni mwa rasi, karibu na bandari ya zamani, zimesimama nguzo tano za marumaru nyeupe za hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki na Warumi, la karne ya 2 BK. Hakuna kiingilio. Zilikuwa zimeanguka, zikainuliwa tena miaka ya 1980 chini ya Jale İnan, mwanaakiolojia wa kwanza mwanamke wa Uturuki, ambaye alikuwa amechimba Side tangu miaka ya 1940 pamoja na Arif Müfid Mansel. Nilifurahi sana kujua kwamba picha ambayo kila mgeni huondoka nayo ni kazi ya mikono ya mwanamke yule na wenzake.

Pesa niliyokuwa nimeibana niliitumia kwenye ukumbi wa michezo. Kiingilio kinauma, na sijutii. Wagiriki walipenda kuchonga viti vya kumbi zao kwenye ubavu wa kilima, lakini rasi hii ni tambarare, kwa hiyo hapa Warumi walipandisha matao juu ya matao mpaka wakapata kilima chao cha mawe, cha kukalisha maelfu ya watu. Chini, mbele ya safu ya kwanza, waliongeza ukuta wa kuwakinga watazamaji siku za mapambano ya watu na wanyama. Nikapanda mpaka juu kabisa. Upande mmoja bahari, upande mwingine agora, uwanja wa soko, na nguzo zake zilizovunjika.

Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba watu wa Side waliwafungulia maharamia wa Kilikia karakana zao za merikebu, na maharamia wakawa wanawauza mateka wao mjini humo kwa mnada, huku wakikiri wazi kwamba wanaowauza ni watu huru. Hakutaja ni kona ipi ya mji mnada ulifanyika. Jemadari Pompey aliwavunja nguvu maharamia hao mwaka 67 KK, lakini biashara ya watumwa yenyewe iliendelea katika dola yote ya Roma.

Siwezi kulisoma jambo hilo kama habari za mbali. Nimekulia mahali ambapo misafara kutoka Ujiji ilikuwa ikiishia, na kule Unguja nimesimama Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa mpaka 1873. Kule kwetu huwezi kwenda kuona majengo ya kale bila mtu kukutajia minyororo. Side niliona watu wakipiga picha za machweo, wazuri, wenye furaha, na nina hakika wengi hawajaambiwa. Nami nilizipenda nguzo zile kwa moyo wote. Ila naamini aliyeuzwa hapa anastahili kutajwa katika pumzi ileile inayomtaja Apollo, na kwa sababu hiyo naandika leo.

Jioni nilimweleza mama mwenye pansiyoni, ambaye wageni wote tunamwita Teyze, yaani mama mdogo. Wazee wake ni Waislamu waliokimbia Krete mwishoni mwa karne ya 19, miongoni mwa waliokuja kuanzisha kijiji juu ya magofu haya wakati mji ulikuwa umehamwa karne nyingi. Akaniambia, “Binti yangu, sisi tulikuta mawe na vichaka.” Akauliza kama na kwetu pwani kuna mawe. Nikamwonyesha kwenye simu msikiti wa Kaole na makaburi yake yenye minara, akaita jirani waje watazame pamoja, wakabishana kama yale ni matumbawe au chokaa. Ni matumbawe. Amesema nikirudi Aprili nimletee picha kubwa ya karatasi ya kutundika sebuleni, na bei ya chumba itakuwa hii hii ya mwanafunzi.