Labani alimuuliza dada yake, binti yake hakumuuliza

Kwenye vikao vya posa sura inayopendwa kusomwa ni Mwanzo 24, na najua kwa nini wazee wanaipenda, ina kila kitu wanachokitaka: Ibrahimu, baba mcha Mungu anayejali mwanae Isaka ataoa wapi, mtumishi wake kama mshenga mwaminifu, ngamia 10 wa kwenda nao, maombi kisimani yanajibiwa hata kabla mwombaji hajamaliza kuomba, binti huyo anatokea na mtungi begani, ndoa inapatikana. Isaka mwenyewe hata safari hakwenda. Basi mzee akishasoma anafunga Biblia, anamgeukia binti, anamwambia umeona mwanangu, hivi ndivyo watu wa Mungu walivyooana, sasa wewe ni nani ukatae?

Hapo huwa naumia sana. Sio kwamba wazee wasiingie kwenye mambo ya ndoa, waingie tu, wameona mengi kuliko sisi. Naumia kwa sababu wanasoma huku wanaruka. Mstari wa 5 yule mtumishi kabla hajaapa anauliza swali la maana kweli kweli, je huyo mwanamke asipokubali kunifuata? Na Ibrahimu hamwambii umlazimishe, wala hamwambii malizana na baba yake, anamwambia mstari wa 8 kwamba mwanamke akikataa basi umefunguliwa kiapo changu. Yaani safari haijaanza, na "hapana" ya binti ambaye hata jina hawamjui tayari imeshatengewa nafasi! Na anayesema hivyo ni Ibrahimu, mtu aliyeahidiwa uzao mwingi kama nyota, na uzao wenyewe unategemea huyo huyo Isaka ambaye alikuja kuoa akiwa na miaka 40. Kama kuna baba alikuwa na sababu ya kulazimisha mambo, alikuwa yeye.

Halafu nenda mpaka asubuhi ya kuondoka. Kaka na mama wa yule binti, Rebeka, wanaomba abaki nyumbani kidogo, angalau siku 10, mshenga anasema msinicheleweshe, ndipo wanasema tumwite tumuulize mwenyewe. Utakwenda na mtu huyu? Nitakwenda. Najua wapo watakaosema hapo ndoa ilishakubaliwa jana yake, Labani na baba yao Bethueli walishasema mchukue uende, binti kaulizwa siku ya kuondoka tu. Ni kweli, sibishi, ndivyo ilivyoandikwa. Ila aliitwa, aliulizwa mbele ya watu, na walipotaka yeye abaki jibu lake ndilo lililoshinda.

Sasa huyo kaka ni Labani, na hapa ndipo napotaka tukae, maana miaka inapita mtoto wa Rebeka, Yakobo, anafika kwa mjomba huyo huyo, anampenda Raheli, binti mdogo wa Labani, anafanya kazi miaka 7 ili apewe yeye, miaka ambayo aliiona kama siku chache tu. Usiku wa harusi Labani anamwingiza Lea, binti mkubwa. Asubuhi, kumbe ni Lea. Yakobo analalamika umenidanganya, Labani anamjibu kwetu hatufanyi hivyo, kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Mila ikatajwa ndoa ikishapita! Miaka 7 yote alikuwa nayo mdomoni hakuisema.

Na Lea je? Tafuta sura nzima ya 29, hakuna mahali anaulizwa. Tunaambiwa macho yake yalikuwa dhaifu, tunaambiwa alipelekwa, basi. Sauti yake tunaisikia kwa mara ya kwanza akiwa na mtoto mkononi, Reubeni, anasema sasa mume wangu atanipenda. Anakuja Simeoni, anasema Bwana amesikia kwamba sipendwi. Anakuja Lawi, anasema safari hii mume wangu ataungana nami maana nimemzalia wana watatu. Ukiisoma taratibu unaona mtu anayezaa huku anasubiri kupendwa. Mpaka kwa Yuda ndio anasema mara hii nitamsifu Bwana, mume hatajwi kabisa, na ni kwenye ukoo wa huyo Yuda alikotoka Daudi, na Yesu. Mungu alimuona Lea, hilo limeandikwa wazi. Lakini tafadhali mtu asiniambie kwamba kwa vile Mungu alimuona basi Labani alifanya vizuri. Mabinti wenyewe walishatoa hukumu yao, Mwanzo 31:15, wanasema baba ametuuza na fedha yetu ameila. Raheli na Lea, ndugu waliokuwa wanagombea mume mmoja, kwenye hilo wakasema kitu kimoja!

Vijana nao wasije wakashangilia mapema. Biblia hiyo hiyo inaandika uchungu wa wazazi bila kuudharau. Esau, ndugu yake Yakobo, alioa wanawake wawili Wahiti, na yeye alikuwa na miaka 40, na inasemwa ndoa ile ikawa uchungu wa roho kwa Isaka na Rebeka, mpaka Rebeka akasema amechoka kuishi. Baadaye sana Esau ndio anagundua baba yake hakupendezwa, anaenda kuongeza mke wa tatu, binti wa Ishmaeli. Huyo mke sijui mtu aseme nini, kaingizwa kwenye nyumba ili kurekebisha ugomvi ambao haukuwa wake. Ongea na wazazi wako mapema jamani, hata kama mtatofautiana.

Kuna hili lingine la "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu", na mabinti wengi waaminifu linawatesa kwa sababu wanaogopa kumkataa Mungu. Rudi kwa yule mshenga. Yeye alikuwa na ushahidi, aliomba ishara akapewa pale pale, angeweza kuingia nyumba ile akasema Bwana ameshaamua fungeni mizigo. Badala yake aliwasimulia kila kitu, kisha akasema (mstari wa 49) kama mtakubali niambieni, na kama hamtaki niambieni pia, nijue nageukia kulia au kushoto. Kwa hiyo dada, akija mtu na maono yake, mwambie umesikia, utaomba na wewe, na kwa sasa jibu lako ni hapana. Kama ni mtu wa Mungu atageukia kulia au kushoto aendelee na safari yake, na akianza kukutishia laana umeshamjua.