Kabla hujanunua alumini ya stelingi ya Hornet yako, shika tairi kwanza utingishe

Watu wakiona Tamiya Hornet yangu, gari la rimoti, swali ni lile lile, mbona mbele hujaweka alumini? Nawaelewa bana, maana ukiingia mtandaoni kutafuta spea za stelingi za magari ya rimoti ya zamani picha zinazokuja ni alumini tupu, ya bluu, nyekundu, zinang'aa mpaka unaona gari lako la plastiki halina hadhi. Ila msimamo wangu ni kwamba hizo alumini ni kitu cha mwisho kununua, na kwa Hornet ningesema achana nazo kabisa, hela peleka kwingine.

Kwa ambao ndo mnaingia kwenye haya mambo, Hornet ilitoka Japani 1984, ukubwa wake ni 1/10 ya gari la kweli, inavuta nyuma, mota ya saizi ya 540 na betri ya volti 7.2. Tamiya wakaitoa tena 2004, ndio maana mpaka leo spea zake mpya zipo, tofauti na magari mengi ya miaka ile ambayo ukivunja kidude kimoja unaanza kuwabembeleza wakusanyaji wanaokupigia bei ya kukukomoa. Kama yako ni ile ya themanini kweli plastiki yake imeshazeeka, inakatika kama biskuti, na hakuna spea ya pembeni, yaani isiyo ya gari lenyewe lilivyotoka, itakayobadilisha hilo.

Stelingi yenyewe haina mambo mengi. Kuna sevo, yaani kimota kinachogeuza tairi ukizungusha rimoti, juu ya sevo kuna sevo seva, hapo zinatoka tairodi mbili, zile fimbo nyembamba, moja kwa moja mpaka kwenye vile vipande vinavyoshika tairi za mbele na kugeuka nazo, sisi tunaviita nako. Basi. Sasa washa rimoti na gari lote, acha sevo ijishike katikati, afu shika tairi moja la mbele kwa vidole viwili ulisukume taratibu kushoto kulia. Usiangalie tairi, angalia ndani. Ukiona tairi linacheza na nako imetulia, hapo ni bushi, ile pete ambayo ekseli ya tairi inazunguka ndani yake. Nako inacheza na tairodi imetulia, kikombe cha bolijointi, pale ncha ya tairodi inaposhika, kimepanuka. Tairodi zote mbili zinatembea na sevo haijatikisika hata kidogo, ni sevo seva, na kwa magari ya umri huu mara nyingi jibu linaishia hapo.

Sevo seva ni kidude chenye springi kazi yake kulinda gia za sevo, ukigonga jiwe springi inakubali kidogo badala ya meno ya gia kukatika. Zile za zamani springi yenyewe ni plastiki tu inayojibana, na plastiki ikichoka unapata gari ambalo ukikata kona linageuka nusu, ukirudisha katikati linaendelea kwenda pembeni linakotaka lenyewe. Watu wakiona hivyo wanakimbilia kununua sevo kubwa yenye gia za chuma, nguvu kilo 15, na tatizo linabaki pale pale maana nguvu yote inaishia kwenye ile springi iliyolegea! Weka sevo seva ngumu kwanza. Tamiya wenyewe wana ile ya hi-torki namba 51000 yenye pete za chuma, na Kimbrough wa Marekani nao wana zao ambazo watu wa mashindano wametumia miaka na miaka. Kuitoa kabisa ukaweka mkono mgumu usio na springi usijaribu, sio kwenye barabara zetu za mawe.

Halafu meno ya shafti ya sevo, yale yanayoingia kwenye sevo seva, hapa watu wanalizwa sana. Sevo za Futaba shafti yake ina meno 25, Hitec 24, Sanwa na KO 23. Kwa macho zinafanana kabisa, na ukilazimisha ya 24 iingie kwenye 25 itaingia vizuri tu na utafurahi, mpaka kona ya kwanza. Kuna duka moja la mtandaoni liliniletea ya meno 23 wakati nimeandika wazi kabisa 25, nikawaandikia wakanijibu eti zinaingiliana. Haziingiliani. Hesabu mwenyewe kwa tochi ya simu.

Kwenye tairodi ndo utamu wenyewe. Spea nzuri ya pembeni ni ile fimbo yenye nyuzi za skrubu za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, katikati ina sehemu ya kushika na spana, unaizungusha tu tairodi inarefuka au kufupika bila kubandua kitu. Nilipokuwa nasubiri mzigo (na mzigo ukishapita Dar bado unausubiri mpaka ufike huku juu Mbeya, mnajua wenyewe) nikaenda kwa mzee mmoja mchonga vyuma pale Sido na spoku ya bodaboda. Akaishika ile Hornet akaigeuza tumbo juu akacheka, "Kijana, nalo hili lina tairodi?" Nikamwambia lina tairodi mzee wangu, na alaimenti pia linafanyiwa. Hapo akawa makini ghafla, akavaa miwani, akapima kwa venia, akakata nyuzi za M3, yaani za milimita 3, ncha zote mbili, safi kabisa. Kasoro yake ni kwamba ncha zote ni nyuzi za kulia, kwa hiyo kila ukitaka kurekebisha lazima ubandue kikombe upande mmoja uzungushe, na kikombe cha plastiki ukikibandua mara kwa mara kinalegea. Lakini fimbo yenyewe haipindi. Ndaga sana mzee.

Beringi sina maneno mengi, toa bushi zote weka beringi. Saizi inayotumika kwenye Tamiya nyingi ni 1150, maana yake nje milimita 11, ndani 5, unene 4. Chukua zenye kifuniko cha raba, vumbi la Uyole mwezi wa tisa halina huruma na zile za wazi.

Sasa turudi kwenye alumini. Ukigonga, nguvu lazima iende mahali. Nako ya plastiki inavunjika yenyewe, unanunua nyingine, unaendelea. Nako ya alumini haivunjiki, inapeleka kipigo chote kwenye mkono wa sespensheni, mkono unapeleka kwenye chesisi, na chesisi ya Hornet ni plastiki pande lote moja, ukipasua pale mbele unapobana mikono umenunua chesisi nzima. Kwa gari la kuweka kabatini sawa, lipendeze. Kwa gari la kukimbiza mi nachagua mwenyewe kitakachovunjika, na nachagua cha bei rahisi.

Za kuprinti 3D nazo zipo, ila muulize muuzaji ni plastiki gani na imeprintiwa imelala au imesimama, maana zinapasuka kufuata zile tabaka. Nailoni poa. PLA, ile plastiki ya kawaida ya kuprinti, hapana, inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, Mbeya na baridi yetu hutaona shida, shuka nayo Kyela uiache kwenye dashibodi mchana uone.

Ukishaondoa kulegea kote ndio unapanga tairi. Mbele ziangalie ndani kidogo sana, gari linanyooka. Na usishangae ukikata kona tairi la ndani likageuka zaidi ya la nje, ndivyo inavyotakiwa kwa sababu la ndani linazunguka duara dogo, hiyo kitu jamaa anaitwa Rudolph Ackermann aliisajili Uingereza 1818 kwa ajili ya magari ya farasi. Ukiona zinageuka sawasawa angalia tairodi umezifunga kwenye tundu gani la sevo seva, sogeza tundu moja ujaribu tena kwenye vumbi, sio sebuleni, kwenye vigae kila gari linateleza utajidanganya bure.