Nilivyokabidhi Chuo cha Maendeleo ya Wananchi na kuandaa hotuba ya kuaga

Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na tarehe yenyewe ni ile aliyozaliwa. Haisubiri mhula uishe wala mwaka wa fedha ufungwe Juni 30. Kwa mkuu wa chuo cha bweni, hilo ni la kulipigia hesabu mapema, maana tarehe hiyo inaweza kuangukia katikati ya mitihani au wiki ambayo unga unakaribia kwisha stoo. Nilianza makabidhiano miezi sita kabla. Nayaandika haya kwa wakuu wenzangu wanaokaribia, na kwa makaimu watakaopokea.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na leo viko 54 Tanzania Bara. Havifanani na shule. Kuna karakana, shamba, mifugo, mabweni, kozi ndefu za ufundi na kozi fupi za wanakijiji, na vingi sasa vina kituo cha malezi ya watoto kwa ajili ya mama vijana waliorudi kusoma. Sehemu kubwa ya maisha ya chuo cha namna hii imesimama juu ya makubaliano ya mdomo kati ya mkuu na majirani, walimu, mafundi na wazazi. Makubaliano hayo hayamo kwenye leja yoyote, na ndiyo yanayomwangusha mkuu mpya. Kwa hiyo nilianza nayo kabla ya kuhesabu kiti hata kimoja.

Nilitenga daftari kubwa lenye safu tano: nani, tulikubaliana nini, tangu lini, hadi lini, na kama kuna karatasi. Humo yaliingia mambo kama njia ya miguu inayokatiza shamba la chuo, jirani anayechota maji kwenye bomba letu, timu ya kijiji inayotumia uwanja, ekari ambazo walimu wamepewa kulima kwa msimu, fundi wa nje anayetumia mashine ya randa, na mzazi aliyeruhusiwa kulipa ada kidogo kidogo. Usitegemee kumbukumbu yako peke yake. Niliwauliza mlinzi, mpishi mkuu, mtunza stoo na msimamizi wa shamba, kila mmoja kwa wakati wake. Mlinzi anajua nani huingia na kutoka. Mpishi anajua nani huchukua makombo ya kulishia nguruwe na kwa ahadi gani.

Daftari lilipojaa niliyagawa mafungu matatu. Yaliyofaa kuendelea yaliandikwa na kusainiwa. Yaliyokosa uhalali, kama matumizi ya mashine bila malipo kuingia kwenye akaunti ya chuo, yalisitishwa kwa barua nikiwa bado ofisini, ili lawama isimwangukie mgeni. Yaliyohitaji uamuzi wa mkuu mpya niliyaacha kama yalivyo, na maelezo ya pande zote mbili. Yanayohusu kijiji tuliyazungumza mbele ya mwenyekiti na mtendaji, muhtasari ukaandikwa, nakala moja ikabaki ofisi ya kijiji. Ukiruka hatua hiyo, mwezi wa kwanza tu mkuu mpya atasikia, "Mwalimu, haya tulishakubaliana na mwenzako," na hatakuwa na pa kuthibitisha.

Mipaka ya shamba iende pamoja na kazi hiyo. Tulitembea mpaka mzima tukiwa na ramani, mwenyekiti wa kijiji na majirani wanaopakana nasi, tukitafuta bikoni (alama za mpaka) moja baada ya nyingine. Kila iliyoonekana tulifyeka kuizunguka na kuipiga picha. Iliyokosekana iliandikwa hivyo, pamoja na jina la kitongoji kilicho karibu. Bikoni huzikwa na udongo wa kulima, au hung'olewa. Ikikosekana bila kuandikwa, msimu unaofuata jembe la jirani limeshasogea.

Mali niliihesabu kwa kulinganisha vitu vitatu: daftari la mali, mfumo wa Serikali wa kusimamia mali uitwao GAMIS, na kitu chenyewe kikiwa mbele ya macho. Tofauti zisifichwe. Ziandikwe na sababu yake.

Karakana ya ushonaji inaonyesha vizuri kwa nini kuhesabu tu hakutoshi. Kichwa cha cherehani kina namba yake iliyogongwa kwenye chuma, na meza na miguu vina namba ya chuo iliyoandikwa kwa rangi. Mwalimu anayetaka darasa liendelee huhamisha kichwa kizima kwenye meza yenye mkanda mzuri, hutoa bobini na chombo chake hapa akaviweka pale, na baada ya miaka michache namba za juu na za chini hazikutani tena. Kwenye daftari vyerehani vimetimia. Vinavyoshona ni vichache zaidi. Tulifungua kila kimoja, tukasoma namba ya kichwa, tukazungusha gurudumu kwa mkono, tukatia uzi na kushona mstari mmoja kwenye kipande cha kitambaa. Kipande hicho kilibandikwa kwenye fomu ya cherehani hicho. Hali iliandikwa kwa maneno matatu tu: kinashona, kinahitaji kipuri (kitajwe), au kinasubiri kufutwa. Neno "kibovu" lisitumike, halimsaidii mtu kuagiza chochote. Na kinachosubiri kufutwa kibaki kwenye hesabu na kionekane, kwa kuwa mali ya Serikali haiondolewi bila kibali.

Useremala, uchomeleaji na ufundi magari tulifanya vivyo hivyo: mashine iwashwe, isikilizwe, izimwe. Gari la chuo lilikabidhiwa na daftari la safari, tarehe ya matengenezo ya mwisho, tairi la akiba, jeki na spana za magurudumu. Nyumba ya mkuu ina mita yake ya LUKU. Namba yake na salio viandikwe, na funguo zote zijaribiwe mlangoni kabla ya kuingia kwenye orodha.

Fedha ndiko kunakokwama chuo kizima kwa siku chache tu za uzembe. Mkuu ni mtia saini benki. Siku anapostaafu saini yake inakoma, na benki haitapokea mpya bila barua rasmi, vitambulisho vya NIDA, picha na mfano wa saini. Karatasi hizo huchukua muda, na wanafunzi wa bweni wanakula kila siku. Dawa yake ni kumwingiza makamu au anayetarajiwa kukaimu kwenye orodha ya watia saini mapema, ili pengo lisitokee. Tulihakikisha pia unga, maharage, mafuta, kuni na umeme wa wiki kadhaa vimeshalipiwa na kupokelewa stoo kabla ya tarehe.

Mifumo nayo ni hivyo hivyo. MUSE ya malipo, NeST ya ununuzi, PEPMIS ya utendaji kazi na ESS ya likizo zote zina mahali panaposubiri idhini ya mkuu. Nywila haikabidhiwi hata kwa mtu unayemwamini kama ndugu: kitakachoidhinishwa baada ya wewe kuondoka kitasomeka kwa jina lako. Utaratibu ni kuomba kwa barua akaunti yako ifungwe kuanzia tarehe fulani na majukumu yahamishiwe kwa mrithi kwa jina lake mwenyewe. Kabla ya hapo, pitia kila mfumo ukamilishe kilichokwama: ununuzi unaosubiri idhini, likizo zisizojibiwa, tathmini za watumishi. Tathmini ndiyo husahaulika zaidi, na anayeumia ni mtumishi ambaye kazi yake ya mwaka mzima inabaki bila alama. Masurufu yako ya safari yarejeshwe yote, na yale ya walio chini yako ufuatilie.

Madeni ya wazabuni niliyaorodhesha kwa umri, la zamani juu. Kila deni liwe na LPO (hati ya kuagizia mzigo), hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo, na ankara. Lenye karatasi zote tatu litalipwa, hata likichelewa. Lililokosa LPO nililitenga ukurasa wake, na maelezo ya nani aliagiza, mzigo uliingia lini, na nini kinathibitisha. Mama anayetuletea mboga kila asubuhi hana habari ya LPO, lakini mboga zimeliwa na wanafunzi wetu. Deni lake liandikwe kwa heshima ile ile kama la kampuni.

Kabati la vyeti lifunguliwe mbele ya mwalimu wa taaluma. Humo hubaki vyeti vya wahitimu wa miaka mingi, vingine kwa sababu ya ada, vingine kwa sababu jina limeandikwa tofauti na lilivyo NIDA au kwenye cheti cha kuzaliwa. Tuliandika namba ya cheti, jina, kozi, mwaka na sababu ya kutochukuliwa, kisha tukapiga simu kwa kila aliyekuwa na namba kwenye jalada. Cheti cha ufundi umeme kikikaa kabatini, kijana wake yuko mtaani anafanya kazi ya kibarua.

Hotuba ya kuaga niliiandika mwisho, kutoka kwenye hati ya makabidhiano yenyewe. Yaani hakuna tarakimu niliyoitamka jukwaani ambayo haimo kwenye jalada. Dakika kumi zinatosha. Nilieleza idadi ya wanafunzi wa kozi ndefu na fupi, kozi zinazoendelea na inayosubiri ithibati ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, bweni lililofika lenta na kinachohitajika ili lipauliwe, deni la chuo kwa jumla, na jina la atakayeshika ofisi kuanzia kesho yake. Wazazi walipewa namba ya ofisi. Ya kwangu binafsi sikuitoa, kwa kuwa nilitaka ada na malalamiko yafike panapohusika. Walimu na wanakijiji wanastahili kusikia hali halisi kutoka kwa anayeijua, na mkuu mpya anastahili kuanza bila ahadi mpya zilizotolewa na anayeondoka. Usitangaze jengo wala kozi ambayo bajeti yake haipo.

Zawadi na chakula cha sherehe visiguse akaunti ya chuo. Hiyo ni hoja ya ukaguzi. Mchango wa watumishi uwe wa hiari, ushikwe na kamati yao, na wapishi, walinzi na vibarua wakae meza moja na wengine hata kama hawakuchanga.

Makabidhiano yenyewe tuliyafanya siku za kazi kabla ya sherehe, mkaguzi wa ndani na mwakilishi wa bodi wakiwepo. Hati ilitoka nakala nne: mpokeaji, wizara, jalada la chuo na mimi. Kila ukurasa ulisainiwa na pande zote mbili, viambatisho vikiwemo, na marekebisho ya kalamu yakawekewa saini pembeni. Nakala yako itunze pamoja na barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho na ya kustaafu, ambazo PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watazihitaji. Ukaguzi wa mwaka uliouacha hufanyika ukiwa umeshaondoka, na swali likija kwa simu unaweza kujibu kwa kutaja ukurasa.