Dawa ya Ng'ombe Mgongoni mwa Paka

Mwezi uliopita nilikaribia kumuua paka wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Viroboto walikuwa wamemzidi, hajilazi akatulia, na kila alipoamka juu ya mkeka aliacha vumbi jeusi mithili ya pilipili manga iliyosagwa. Nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo, muuzaji akanipa chupa ndogo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe na kunielekeza niweke kizibo kimoja kwenye ndoo ya maji. Kwa kuwa paka ni mdogo na ndoo ni kubwa, niliona ni uharibifu, nikapima robo ya kizibo kwa macho kwenye kopo la maji na kumpaka kuanzia shingoni hadi mkiani.

Hazikupita saa mbili. Masikio yalianza kumcheza, ngozi ya mgongo ikawa inarukaruka yenyewe, mate yakamtoka, na alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ilikwenda upande kama ya mlevi. Jirani yangu, ambaye kwa kila sumu ana dawa moja tu, alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Nilimshukuru, nikamweka paka kwenye tenga la nyanya, nikalifunika kwa kanga na kupanda bodaboda kwenda hospitali ya wanyama. Hapa Morogoro tuna bahati, kwa sababu mji huu ndio wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii wamesomea, na mtu hahangaiki sana kumpata mtaalamu.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa pili. "Shikamoo mama. Umempaka nini, na saa ngapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, kabla hata ya jina la paka. Nilikuwa nimeichukua ile chupa, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya siku hiyo. Aliisoma lebo, akaona neno sipamethrini, yaani sumu ya kuulia wadudu, akamweka mgonjwa kwenye mizani: kilo mbili na gramu mia nane. Mtu asiyejua angedhani anapoteza muda kwa kupima uzito wakati mnyama anatetemeka, lakini kila sindano iliyofuata ilikokotolewa kutokana na namba ile.

Walimwosha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, wala si maji ya moto, kwa maana joto hufungua mishipa ya damu iliyo kwenye ngozi na kuikaribisha sumu ndani. Wakamkausha vizuri asishikwe na baridi, wakanyoa kipande kidogo cha mguu wa mbele na kumtundikia dripu, kisha wakamchoma sindano ya kutuliza mitetemeko. Daktari alinieleza bila kunificha kwamba sumu hii haina dawa ya kuifuta, bali mgonjwa hushikiliwa hadi mwili wake uitoe wenyewe. Tatizo ni ini la paka, ambalo halina vya kutosha vile vimeng'enya ambavyo wanyama wengine huvitumia kuvunjavunja kemikali za aina hiyo. Kwa hiyo paka si ng'ombe mdogo ambaye ukimpunguzia kipimo mambo yatakwenda sawa. Panado nayo inaingia hapohapo: kidonge kimoja tunachompa mtoto mwenye homa kinaweza kumuua paka. Na yale maziwa? Mnyama anayetetemeka huweza kupaliwa, kinywaji kikaingia mapafuni, na hapo unakuwa na wagonjwa wawili katika mwili mmoja.

Alilazwa usiku mmoja. Nilipokwenda kumchukua asubuhi nilikaa kwenye benchi muda mrefu, na benchi la hospitali ya wanyama linafundisha kuliko mabango ya ukutani. Kijana mmoja alikuwa amepakata mbwa mchanga anayeharisha damu, ugonjwa wa parvo, na alipoulizwa kadi ya chanjo alisema alikuwa anasubiri mbwa "akomae kidogo". Chanjo hiyo huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita, na kipindi hicho cha kusubiri akomae ndicho ugonjwa huwamaliza. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida mnyama akifikisha miezi mitatu, na inawahusu paka pia, jambo ambalo mimi, mfugaji wa miaka mingi, nilikuwa silijui. Akikuuma mbwa au paka usiyemwamini, unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha unakwenda hospitali ya binadamu siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tena tiba ya kutegemea.

Nikarudishiwa paka wangu, amenyong'onyea lakini anasimama. Ndipo daktari alipochukua pamba yenye maji, akaweka juu yake chembe mbili za lile vumbi jeusi kutoka kwenye manyoya, na taratibu zikaanza kuzungukwa na wekundu. Ilikuwa damu ya paka iliyopita tumboni mwa viroboto. Akaniambia kuwa wale ninaowaona mwilini ni wachache tu, kwa sababu mayai hudondoka na kuanguliwa kwenye mkeka, nyufa za sakafu na chini ya kochi, ambako viroboto wachanga huweza kujifungia kwenye vifuko vyao kwa wiki nyingi wakisubiri mnyama apite. Kiroboto pia hubeba minyoo ya tegu, na vile vipande kama punje za mchele nilivyokuwa nikiviona chini ya mkia wake vilikuwa ni tegu.

Kwa hiyo nilitoka na dawa ya matone ya paka, ya kudondoshwa kisogoni, mahali asipoweza kujilamba, kidonge cha minyoo kilichokatwa kulingana na kilo zake, na kadi yenye tarehe ya chanjo na ya kumfunga kizazi. Mkeka ulifuliwa na kuanikwa juani siku tatu mfululizo, na kochi likasogezwa kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Ile chupa nilimpelekea mzee wa mtaa wa pili mwenye ng'ombe wawili. Alivaa miwani, akaisoma lebo kwanza, kisha akaniuliza mimi nilikuwa naitumia kwa mnyama gani.